Dari Isiyo na Mkanda

Mtaani walimwita Mama Rangi, na jina hilo halikuhitaji maelezo. Kucha zake zilikuwa na bluu isiyotoka hata kwa mafuta ya taa, na vibao karibu vyote vya barabara ile, kuanzia kwa kinyozi hadi duka la dawa, vilikuwa kazi ya mkono wake. Alikuwa na sheria moja: mkanda kwanza. Kabla hujaandika herufi hata moja, unanyoosha uzi uliopakwa chaki, unauvuta, unauachia, pa! Mstari umenyooka. Unapaka mkanda wa rangi kuzunguka kibao chote, ndipo unaingia ndani. Ukimuuliza kwa nini, alikuwa na jibu lake.

"Kibao bila mkanda ni mtu aliyetoka bafuni bila taulo."

Marehemu mumewe alikuwa fundi redio, mtu mpole mwenye ubishi wa chini chini, ule unaoudhi kuliko kelele. Katika ujana wake aliwahi kusimama katikati ya mafundisho, kwenye nyumba ya ibada iliyokuwa mwisho wa barabara, akauliza swali. Kama Mungu hana mwisho, na ulimwengu si Mungu, basi ulimwengu umewekwa wapi? Maana kisicho na mwisho hakiachi nafasi pembeni. Hakuuliza kwa kejeli. Swali lilikuwa limemnyima usingizi, na alitaka mtu wa kuhangaika naye. Wakamwambia akae chini, aache kukufuru. Akakaa. Wiki iliyofuata hakwenda, wala zilizofuata, mpaka mapafu yakachoka akafa.

Siku ya mazishi, kiongozi wa nyumba ya ibada alikataa kumwombea. Alisimama kando ya kaburi na kusema wazi, "Huyu alijitoa mwenyewe. Yuko nje." Laiti angekuwa mtu baki! Alikuwa mdogo wake marehemu, walitoka tumbo moja. Mama yao aliinamisha kichwa asiseme neno. Mama Rangi, lile "nje" lilimkwama kooni kama mwiba wa samaki, na kwa miaka mingi hakulimeza wala hakulitema.

Kisha nyumba ya ibada ikajengwa upya, na wakubwa wakaamua dari ichorwe mbingu ya nyota. Fundi wa kazi hiyo alijulikana. Kiongozi akaja mwenyewe mpaka karakana, akasimama kati ya makopo akichunga kanzu yake isiguse kitu.

"Shemeji, nimekuja na kazi."

"Na miguu pia, naona. Nilidhani umesahau njia."

Akacheka kicheko cha kikohozi. Alitaka bluu nzito, nyota nyingi, na kuzunguka yote mkanda mpana wa dhahabu. "Watu waone kwamba ufalme una mipaka," alisema. "Wa ndani wajue wako ndani."

Mama Rangi akakubali. Majirani walipigwa na butwaa. Wengine walisema uchungu umekwisha, na walikosea sana. Alitaka tu kujua kama mistari yake ingenyooka mle ndani.

Akapanda jukwaa la mbao, akapiga mstari wa chaki kama alivyozoea, ila dhahabu akaiacha ya mwisho isije ikachafuka. Akaanza katikati na kwenda akipanua. Shingo ilimuuma, rangi ilimdondokea usoni, na nyota zikaongezeka. Hatimaye bluu ikafika kwenye mstari. Hapo brashi ikasimama. Ng'ambo ya chaki palibaki kipande cheupe cha plasta, chembamba, hakina kitu. Alikitazama kwa muda mrefu, na hasira aliyoilea miaka yote ikampanda mpaka machozi yakamtoka.

"Hapa ndipo walipomweka mume wangu," alisema kwa sauti, ingawa hapakuwa na mtu.

Akachovya kitambaa kwenye maji, akaifuta chaki yote. Bluu ikavuka kona, ikashuka ukutani, ikapita juu ya mlango, ikatoka nje na kufunika dari ya baraza, mpaka mbao zilipokwisha na anga yenyewe ikapokea zamu. Kopo la dhahabu halikufunguliwa.

Siku ya kufungua jengo watu walijaa, shingo zote juu. Kiongozi aliingia na kopo lile mkononi. Hakusubiri faragha.

"Shemeji, kazi haijaisha. Mkanda uko wapi?"

"Niliutafutia mahali, nikakosa."

"Tulikubaliana. Upake leo hii, au na wewe utoke ukae nje kama..." Akaikatiza kauli yake.

"Malizia. Kama nani?"

Kiongozi akamsogezea kopo. Mama Rangi akasogea mbele. "Basi nionyeshe, shemeji. Nionyeshe Mungu anapoishia, nipande sasa hivi nichore mstari hapo hapo."

"Mungu hana mwisho. Hilo hata watoto wanalijua."

"Kama hana mwisho, nje ni wapi?"

Swali lile lile la marehemu. Wazee walilitambua, wakaanza kukohoa.

Kiongozi hakuwa mjinga, tumpe haki yake. "Unachanganya mambo," alisema, sasa kwa upole. "Ulimwengu ni kazi ya Mungu, si Mungu. Wewe umechora dari hii. Je, wewe ni dari? Si unashuka jukwaani, unaiacha hapa, unakwenda kulala? Ukisema vyote vimo ndani ya Mungu, kesho utaniambia tusujudie jaa la takataka."

Watu waliitikia kwa kuridhika. Lilikuwa jibu zuri, na Mama Rangi alilisikia limemwingia.

"Kweli, mimi si dari. Lakini mimi nina mwisho. Naishia hapa kwenye ngozi, ndiyo maana dari ikakaa kule na mimi nikakaa huku. Asiye na mwisho, picha yake ataitundika wapi kama si ndani yake? Sisemi jaa ni Mungu. Nasema hata ukikimbilia jaani, hujamtoka."

"Hujui unachosema."

"Sijui!" Sauti yake ikapanda mpaka kwenye nyota. "Sijui, na wewe hujui. Kaka yako naye hakujua, ndiyo maana akauliza. Kosa lake lilikuwa kusema mbele za watu kwamba hajui. Kwa hilo ukamnyima dua, ndugu yako! Mkanda sipaki. Leo sipaki, kesho sipaki."

"Basi toka."

Akatoka, kichwa juu. Akavuta benchi barazani, akaketi chini ya nyota zake mwenyewe, mahali ambapo kila aliye ndani angemwona. Kama walitaka kusali bila kumtazama, wafumbe macho.

Ndani, kiongozi alikuwa amefungua kinywa kuanza dua, ndipo fimbo ikagonga sakafu mstari wa mbele. Mama yake alikuwa amesimama.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Nje."

"Keti, Mama. Huko jua kali."

"Siku ya kaburi nilinyamaza," alisema mama mtu, akitembea bila kugeuka. Watu walimpisha. "Nilidhani nikinyamaza nitabaki na watoto wote wawili. Nimechoka kuwa na mmoja ndani na mmoja nje. Tumbo lililowabeba ni moja, na wala halikuwa kubwa."

Alifika barazani akihema. Mama Rangi alimshika mkono, akamketisha, akampangusa jasho kwa ncha ya khanga. Bibi kizee aliinua uso.

"Nyota zimefika mpaka huku?"

"Zimefika, Mama."

Bibi akaitikia kwa kichwa polepole. Kisha akageukia mlango uliokuwa wazi, na kwa sauti ambayo wanawe waliijua tangu utotoni, ile ya kuwaita waje kula, akamwita mdogo aliyebaki.

"Haya, anza! Anza na kaka yako. Huku tunakusikia."

Watu wote wakamgeukia kiongozi. Kopo la dhahabu lilikuwa bado mkononi mwake.