Gitaa la Kupanda Nalo Mwese

Kasilda alipomwomba Luhende amshushie lile gitaa dogo la juu kabisa, Luhende alichungulia kwanza nje ya duka kuona kama amekuja na mtoto. Nje alikuwepo Maiko tu, dereva wake wa bodaboda, baba wa watoto watatu, amekaa juu ya pikipiki anakula muwa.

"Lile ni la watoto, mwalimu."

"Watoto gani wamelicheza?"

Luhende akacheka, maana alikuwa amekamatwa. Mwaka wa pili sasa gitaa lile lilikuwa linaning'inia kati ya redio na spika, na hakuna mtoto wala mtu mzima aliyewahi kuliulizia. Watu wa Mpanda waliingia dukani kwake kutafuta kitu cha kupiga kelele. Alilishusha, akalifuta vumbi kwa kiwiko, lakini hakuacha kusifia lile kubwa la pembeni, la mbao nzima, tumbo pana kama debe. Hilo, alisema, ndilo la mtu mwenye jina lake.

Jina, Kasilda alikuwa nalo. Mtaani kwake Nsemulwa walimjua kwa cherehani yake, na parokiani walimjua kama mwalimu wa kwaya. Alizaliwa Mpimbwe, kwenye mashamba ya mpunga, na gitaa alifundishwa na mjomba wake Kassiani, aliyekuwa katekista. Enzi za usichana wake waliomwambia gitaa si chombo cha mwanamke walikuwa wengi. Sasa alikuwa na miaka arobaini na mmoja, na wengine katika haohao walimletea binti zao awafundishe. Hakuwahi kuwakumbusha walichosema. Aliwafundisha mabinti, basi.

Kila Jumamosi ya pili ya mwezi alipanda milima ya Mwese kufundisha kwaya ya kigango kimoja cha huko, kanisa dogo la parokia yao. Safari ile ndiyo iliyomleta dukani.

Miaka miwili nyuma parokia ilinunua gitaa kubwa jeusi, lenye tundu la kuchomekea waya wa spika. Kasilda mwenyewe alilipigia debe, na hilo lilimuuma mpaka leo. Alikuwa amelichagua kama watu wanavyochagua kabati la sebuleni, ili wageni walione. Safari ya kwanza ya kwenda nalo Mwese walilifunga kwenye keria kwa mpira, likatokeza huku na huku kama pembe za ng'ombe. Kwenye daraja la magogo shingo yake ikagonga nguzo. Pikipiki, Maiko, mwalimu na gitaa, wote wakaingia majini. Seremala aliliunga shingo kwa gundi, na tangu siku ile likafungiwa kabatini. Mzee Bartolomeo, mwenyekiti wa kamati ya kwaya, ndiye aliyetoa hukumu: gitaa la heshima halipandi pikipiki.

Kwa hiyo Kasilda akawa anapanda mikono mitupu, anawapa waimbaji sauti kwa mdomo wake. Wanaanza vizuri. Ubeti wa pili sauti inalegea, wa nne kwaya nzima imeshazama, na wanaume wa besi wananguruma chini huko kama trekta lililokwama. Kosa halikuwa lao. Hawakuwa na kitu cha kuwashikilia.

Na kila alipofika, Séverine, kiongozi wa sauti ya pili, alimpokea mkoba na kumuuliza swali lilelile: "Mwalimu, gitaa letu linaendeleaje?" Aliuliza kama mtu anavyouliza habari za mgonjwa aliyelazwa mjini. Letu, alisema. Kasilda alijibu kuwa linaendelea, kisha akashindwa kumtazama usoni. Mwese walikuwa wamechangia lile gitaa kwa maharage. Maharage yalishuka mpaka mjini kwa pikipiki, na hakuna aliyeuliza kama yana heshima ya kupanda pikipiki.

Sasa kamati ilikuwa na mchango mwingine, na Mzee Bartolomeo alitaka kinanda na spika, vijana warekodi video. Kasilda aligombana nao jioni nzima mpaka wakamwachia upenyo mmoja. Alete gitaa jipya Jumapili. Likisikika mpaka mlangoni mwa kanisa, watalinunua. Lisiposikika, ni kinanda, na Mwese waendelee kuimba kwa mdomo.

Pale dukani alichungulia ndani ya tundu la gitaa dogo. Kingo za mbao zilionyesha matabaka, kama maandazi yaliyokatwa. Ilikuwa plaiwudi.

"Ndiyo maana nakwambia chukua hili kubwa," Luhende alisema.

Kasilda alitikisa kichwa. Mbao nzima ingeimba vizuri zaidi, alilijua hilo. Lakini ingetoka kwenye jua la Mpanda ikaingia kwenye ukungu wa Mwese, ikarudi juani, na kabla ya mwaka ingepasuka. Plaiwudi ni ngumu kama wanawake wa kule. Alilenga jicho kando ya shingo kuona kama imenyooka. Alibonyeza kila uzi kwenye kila mstari, akisikiliza kama kuna unaokwaruza. Nyuzi zilikaa chini, vidole havikuumia. Kisha akazilegeza zote kidogo, akalivaa gitaa mgongoni kwa mkanda, akavaa koti lake la mvua juu yake, akatoka nje. Mgongo ukatuna kama wa mama aliyebeba mtoto.

"Twende Shanwe," alimwambia Maiko. "Pita kwenye matuta yote, usikwepe shimo."

Luhende alisimama mlangoni, mikono kiunoni. "Mwalimu, gitaa linajaribiwa kwa masikio, siyo kwa makalio."

Watu wa duka la jirani wakacheka, na Maiko akacheka mpaka muwa ukamponyoka. Kasilda alikaa vizuri, akamgonga bega aondoke. Walikwenda na kurudi. Aliporudi amejaa vumbi mpaka kwenye kope, alivua koti, akakaza nyuzi, akapiga. Lilikuwa zima. Jioni alimletea Luhende gunia la mpunga kutoka kwao, kama dhamana mpaka kamati iseme, akaondoka na gitaa.

Jumapili baada ya misa Mzee Bartolomeo alikwenda kusimama mlangoni, kiganja nyuma ya sikio. Wajumbe wanne walikaa benchi la mbele. Gitaa lilipotolewa mmoja wao aliuliza kama mwalimu alilifua likarudi kama nguo. Kasilda alipiga wimbo wa sadaka kwa nguvu zake zote, na kule mlangoni mwenyekiti akatikisa kichwa, akapunga mkono: hakuna kitu.

Angeweza kuomba kipaza sauti. Hakuomba.

"Ni kweli, hapo halisikiki," alisema. "Lakini mlangoni umesimama wewe, mwenyekiti. Waimbaji wanasimama huku. Kule kigangoni ukuta kwa ukuta ni hatua kumi na mbili, nimezipima kwa miguu. Na hakuna wa kusimama mlangoni kusikiliza. Wote wanaimba."

Mzee Bartolomeo alirudi mbele taratibu. Hakuwa mtu mbaya. Alieleza kwa uchungu kabisa kwamba vijana wanakimbilia kwenye makanisa yenye spika, na yeye hataki kubaki na kwaya ya bibi zake. Halafu akaongeza lile lililomkaa rohoni: watu watasema parokia imewapelekea wa Mwese kitu cha kuchezea.

"Waulizeni wao."

Nani angewauliza? Kamati ile iliwajua Mwese kwa maharage tu. Walinyoosha mikono, wanne wakataka kinanda. Kasilda alifungua mkufu wa shingoni, akatoa ufunguo wa lile kabati la gitaa jeusi, akauweka mezani.

"Kinanda kitahitaji nafasi. Ufunguo huu hapa. Jumamosi ya pili naenda Mwese, na gitaa hili naenda nalo. Ni langu."

"Kwa ruhusa ya nani, mama?"

"Kule waliniita wao, mwenyekiti. Wakinifukuza wao, nitashuka."

Gunia likabaki kwa Luhende kama malipo.

Jumamosi ya pili mvua ilinyesha. Kwenye daraja la magogo Maiko alisimamisha pikipiki bila kuambiwa, akageuka kumtazama. Kasilda alipapasa mgongo wake, akamwashiria apite. Walipita katikati ya nguzo zilezile, nafasi ikabaki. Kilima cha mwisho kilikuwa tope tupu, akakipanda kwa miguu, viatu mkononi.

Séverine alimpokea mkoba mlangoni mwa kigango. "Tumsifu Yesu Kristo, mwalimu. Gitaa letu linaendeleaje?"

"Milele amina," Kasilda alisema, akafungua vifungo vya koti, akageuka.

Wote waliinuka kwenye mabenchi. Séverine alilizunguka, akaligusa kwa kidole kimoja, tumboni.

"Dogo."

"Dogo," Kasilda alikubali. "Limefika."

Alikaza nyuzi. Waimbaji, bila kuombwa, walianza kuguna wakifuata kila uzi unavyopanda. Akawapa sauti, wakaimba. Hakuwasimamisha ubeti wa pili wala wa tatu. Ubeti wa nne ulipoisha aliinua mkono, kukawa kimya, akapiga tena ile sauti waliyoanzia, akawaashiria wanaume waijibu. Besi walikuwa palepale alipowaacha.

Aliweka kiganja juu ya nyuzi.

"Tena," alisema. "Na sasa fungueni mlango."