Kurasa za Sukari Nilizomficha Mwanangu

(Jina la mama huyu tunalo, ameomba tusilitoe. Ya wengine tumeyabadili.)

Mie ni mama wa miaka thelathini na mbili, nakaa Temeke, mume wangu kuli bandarini. Tuna binti mmoja, Mwajuma, yuko darasa la nne. Katika shule yao ya Waafrika kitabu kimoja cha hesabu kinagombaniwa na watoto sita. Shule ya Wahindi kila mtoto ana chake. Hilo mnalijua, siwafundishi.

Duka la mtaani kwetu ni la Mhindi. Mkewe, Mama Zehra, hufungia sukari kurasa za madaftari ya zamani ya binti yake. Mwajuma akawa haniachii karatasi hata ya kuwashia moto, anazikunjua anazisoma. Siku moja akarudi dukani kuuliza, "Hesabu hii imeishia njiani, kipande chake kiko wapi?" Mama Zehra alicheka sana, akamwambia, "Njoo kila alasiri usome na Zehra."

Mie nikaingiwa na shaka. Tangu lini Mhindi akampa mtoto wa kuli kiti bure? Nikasema huyu anatafuta yaya. Kila Mwajuma akirudi namnusa mikono. Siku ya tatu, lo! Vitunguu! Sikumuuliza mtoto. Nilijifunga kanga kiunoni nikaenda kusimama mlangoni pa duka, watu wamejaa, nikamporomoshea: "Mwanangu hakuzaliwa kukumenyea vitunguu!" Mama Zehra akaendelea kupima sukari.

Nyumbani Mwajuma akalia. "Mama, si wewe uliyenifunza? Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kisu nilikichukua mwenyewe, yeye alinikataza." Lakini shaka haikuniisha, maana mtoto hufundishwa la kusema. Nikampiga marufuku kukanyaga pale, sukari nikawa naifuata mwenyewe.

Sasa sikilizeni. Kurasa ninazofungiwa si za daftari tena. Ni za kitabu cha hesabu, kipya, zimechanwa, na zinafuatana: leo wa kumi na mbili, kesho wa kumi na tatu. Mie nilisoma kidogo tu, lakini tarakimu nazijua. Mama Zehra hanitazami, anafunga, ananipa. Anataka nini? Ananisuta? Anangoja nimpigie magoti mbele ya watu walewale? Nimezificha zote chini ya godoro. Na kila siku naenda tena. Mume wangu anauliza sukari yote hii tunamwoza nani.

Mtihani wa kwenda la tano umebakiza wiki tatu. Nikimpa Mwajuma kurasa hizi, atajua nilimtukana mtu aliyemtakia heri, kisha nikaificha heri yenyewe. Nisipompa, jembe ndilo litakalomngoja.

Leo asubuhi nimemkuta kapiga magoti kando ya kitanda. Nikamuuliza unatafuta nini. Akasema, "Mama, sisimizi hawa wanakwenda wapi?"

Nishaurini upesi, ndugu zangu, nifanyeje kabla hajainua godoro?