Nilivyomcheka Petro

Miaka ile Mdachi alipokuwa anasogeza reli yake kuja Dodoma, mimi nilikuwa katika darasa la ubatizo huku upande wa Haneti, na hakuna onyo la Biblia lililonipita. Kila moja nililipokea kwa mikono miwili, kisha nikalipeleka kwa jirani niliyeona linamhusu. Onyo la walevi lilikwenda kwa shemeji yangu. La mke wa Lutu nilimwekea mama mmoja mzee tuliyepakana naye, ambaye aliposikia kwamba yule mwanamke aligeuka nguzo ya chumvi, aliuliza chumvi hiyo ilichukuliwa na nani. Wanawake wetu walikuwa wakitembea siku mbili kwenda kukwangua chumvi mbugani, kwa hiyo darasa zima likamgeukia mwalimu kungoja jibu. Mwalimu alikasirika. Mimi nilitikisa kichwa kwa huzuni, nikihakikisha ananiona.

Lakini aliyenifurahisha kuliko wote ni Petro. Mwanamume mzima na ndevu zake, anaota moto uani, kijakazi anamuuliza swali moja tu, kama yeye ni mtu wa Yesu, anatetemeka, anamkana! Nilisimama darasani nikaigiza sauti yake mpaka watu wakashika mbavu. Nikasema mimi ningemjibu kijakazi yule papo hapo, tena kwa sauti kubwa. Mwalimu akaniandika wa kwanza katika orodha ya watakaobatizwa. Mke wangu, ambaye hakuwahi kumaliza amri kumi bila kuruka mbili, aliandikwa wa mwisho, na mimi nikamwonea huruma mbele za watu.

Mvua ikachelewa. Mtemi akaagiza, kama ilivyokuwa desturi yetu, mioto yote ya nchi izimwe, majivu yafagiliwe, na kila nyumba ipokee moto mpya kutoka kwake. Mwalimu naye akaagiza lake: atakayezima asifike ubatizoni.

Aliyekuja kukagua tembe letu alikuwa mjomba wangu. Ng'ombe niliokuwa nawakamua walikuwa wake, alinikabidhi niwatunze, na mtoto wetu alikuwa ametoka tu kuachishwa ziwa na aliishi kwa maziwa yao.

"Mbukwa, mjomba," nilimsalimu.

"Mbukwa. Wewe si mmoja wa wale wa sala?"

"Mimi? Naenda kujifunza kusoma tu, mjomba."

"Watu wanasema utabatizwa."

"Watu wana maneno, mjomba."

"Na huyo Yesu wao?"

"Simjui vizuri," nikasema, na tayari nilikuwa nimeshika kibuyu cha maji.

Mke wangu alikuwa amechuchumaa jikoni. Hakuinuka. "Baba," alimwambia mjomba kwa adabu, macho chini, "moto huu niliuwasha mimi. Mimi ni wa sala. Siuzimi."

Nilidhani mjomba angempiga. Hakumpiga. Alinitazama mimi, akanitazama tena, kisha akaenda zizini akawaswaga ng'ombe wake wote. Basi nilikuwa nimemkana Bwana kwa ajili ya maziwa, na maziwa yenyewe nikayakosa. Petro angalau alipata joto.

Baadaye mvua ilinyesha, na kila upande ukajisifu.

Siku ya ubatizo mwalimu, ambaye hakuwa na habari yoyote, aliniita mbele nisimulie kisa cha Petro, maana nakiweza. Nikaanza vizuri. Nikafika uani, nikafika kwenye moto, kijakazi akauliza swali lake. Hapo nikanyamaza. Mke wangu alikuwa amekaa upande wa wanawake, mtoto mapajani, akitazama viganja vyake. Aibu niliyoiona siku ile sijaiona tena maishani.

Yule mama wa chumvi, ambaye ukuta wake na wangu ulikuwa mmoja na hakuna neno lililompita, akanyoosha shingo.

"Enhe," akasema. "Akajibuje?"

Nilimtazama mwalimu, nikamtazama mke wangu.

"Akajibu, 'Mimi? Naenda kujifunza kusoma tu, mjomba.'"

Hakuna aliyecheka. Mwalimu akachukua kalamu akafuta jina langu. Mke wangu akasimama, akaniletea mtoto, akaenda kwenye maji. Nikabaki nimempakata mtoto, naye akaanza kulia, anataka maziwa.