Nilivyotafutia mukaba wa vita wa nkambo yangu nyumba, hapa Kolwezi

Wakuu, poleni na kazi.

Nasoma humu siku nyingi, kuandika ndiyo mara ya kwanza. Mi ni mtu wa Kolwezi, nina mashine ya kusaga mahindi, shule niliacha mapema. Kiswahili chetu cha huku mnakijua, mtanivumilia.

Nitaandika yale niliyoona kwa macho. Pale ambapo niliambiwa tu, nitasema niliambiwa.

Nkambo yangu, baba mzazi wa mama, alikuwa askari wa jeshi la Wabelgiji. Vita ya pili ya dunia ilimfikisha Abisinia. Hiyo niliambiwa. Niliyoyaona ni malle, sanduku la bati chini ya kitanda cha mama, na ndani yake vitu vinne: kapoti, lile koti zito la askari la baridi, gamelle, bakuli la bati la kulia chakula, medali moja, na mukaba. Mukaba ni mkanda wa kiunoni, ngozi nene yenye kifungo cha shaba.

Mama anaishi kwenye kota za zamani za wafanyakazi. Mgodi ukafika mpaka nyuma ya choo chake. Ikatangazwa kwamba avenue nzima, mtaa wote, itahama, nyumba zitavunjwa. Mama angeenda kukaa kwa dada yangu, nyumba ndogo yenye watoto wengi.

Akaniita.

"We njo mukubwa," akasema, yaani mimi ndiye mkubwa wa watoto. "Bitu bya tata utabitafutia pahali pa muzuri mbele babomoe nyumba. Sitaki bilale ku baranda kama masufuria ya matanga."

Tata ni baba, yaani nkambo. Nikakubali. Sikumuuliza kitu kingine. Hapo ndipo nilipokosea, lakini sikujua.

Wa kwanza kupata wazo alikuwa mdogo wangu Ilunga. Yeye anauza simu kwa vijana wanaochimba. Akapiga picha vitu vyote akaweka mtandaoni, na mtu mmoja wa mbali akajibu kwamba anakusanya vitu vya vita, atanunua.

Nilimkasirikia. Nikamwambia anauza mifupa ya nkambo.

"Yaya, mifupa iko ku kaburi," akanijibu; yaya kwetu ni ndugu mkubwa. "Hii ni ngozi, panya itaikula. Ule muzungu ataiweka mu vitre, mu kioo, ataipangusa kila siku. We utaipangusa?"

Kusema haki, hapo alinipata. Malle ile sikuwahi kuipangusa hata siku moja. Na Ilunga hakufanya kwa siri, alinionyesha kila ujumbe. Basi msimwone mbaya.

Lakini nikamwomba asubiri.

Nikasikia kuna masista wa misheni fulani, njia ya kwenda Mutshatsha, wana chumba cha vitu vya zamani: ngoma, mashoka ya shaba, picha za watu wa reli. Nikaona hapo ndipo. Nikafunga vitu vyote kwenye gunia la unga, nikapanda moto, yaani pikipiki.

Kapoti halikuenea vizuri. Mkono mmoja ukatoka nje ya gunia ukawa unapepea.

Kwenye barrière, kizuizi cha barabarani, askari wakatusimamisha. Wengi mnajua kwetu raia haruhusiwi kubeba nguo za jeshi. Mi pia nilijua. Ila kichwani mwangu zile zilikuwa nguo za nkambo, sikuziona tena kama nguo za jeshi.

Adjudant, mkubwa wao, akavuta ule mkono, kapoti lote likatoka, na vumbi la unga pamoja.

"Tata, hii ni ya jeshi gani?"

"Ya Wabelgiji, chef."

"Wabelgiji wako wapi?"

"Walienda, chef."

"Na we walikuachia kulinda?"

Wenzake wakacheka. Mwenye moto naye akacheka, nikaona amesogea pembeni kidogo asihesabiwe pamoja na mimi.

Nikaeleza habari ya nkambo. Adjudant akashika ule mukaba muda mrefu, akauzungusha, akatazama kifungo. Akaniuliza, "Na nani anaufunga sasa?"

Nikasema hakuna, naupeleka kwa masista.

"Masista watafunga mukaba?"

Nikadhani bado anatania. Akanirudishia vyote, hakuomba kitu, akanionya tu nisitembeze tena kapoti bila karatasi ya chef wa quartier, mkuu wa mtaa. Alikuwa na haki. Mwingine angenilaza ndani.

Sista aliyenipokea alikuwa mtu mkweli. Alisema medali, gamelle na mukaba atavipokea kwa furaha, ila kapoti lina wadudu, litaambukiza vitu vingine. Akauliza nkambo alikuwa kikosi gani, alipigana wapi. Zaidi ya neno Abisinia sikujua kitu. Nilijisikia mjinga, maana alikuwa anauliza habari za babu yangu, siyo za babu yake.

Akasema, "Nenda uulize wakubwa, halafu ulete. Kitu kikishaingia hapa hakitoki, ujue."

Nikarudi navyo, kapoti nimelifungia ndani ya shuka.

Sasa ikabidi niite wakubwa. Kati ya ndugu wa mama aliyebaki ni mdogo wake, mjomba Kasongo, mzee wa reli aliyestaafu Mutshatsha. Akaja na treni. Tukakaa sebuleni kwa mama: mjomba, mama, Ilunga, dada na mimi. Nikaweka vitu mezani, nikaeleza habari ya mnunuzi na habari ya masista, kila upande na uzuri wake na ubaya wake. Nilijitahidi nisimpunguzie Ilunga.

Mjomba akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akacheka mpaka akakohoa.

"Mutoto ya yaya yangu, ulikuwa unatafutia mukaba nyumba?"

"Ndiyo, mjomba."

"Mukaba haina nyumba. Mukaba iko na mutu."

Niwaeleze wakuu, maana wengine kwenu haipo. Katika jamaa yetu mkubwa akifa, mwisho wa matanga anachaguliwa mtu wa kumpyana, yaani kushika nafasi yake. Anafungwa mukaba wa marehemu mbele ya watu wote. Kuanzia hapo watoto wa marehemu wanamwita tata, na maneno ya jamaa yanapita kwake.

Matanga ya nkambo nilikuwa kijana, sikufuatilia. Kumbe, hii niliambiwa na mjomba mwenyewe, wale ndugu wa kiume wa mama hawakuelewana nani afungwe. Wakasema mukaba urudi kwenye malle kwanza, mama alinde, watakaa tena.

Hawakukaa tena. Mmoja mmoja wakafa. Akabaki Kasongo.

Kwa hiyo ningeuacha kwa sista, au Ilunga angeuuza, nkambo asingepata mtu milele. Nilikaribia sana.

"Basi mujomba ufunge we," Ilunga akasema.

"Mi? Na hii mugongo? Nimebakiza siku ngapi, tuite matanga mara mbili?" Akanitazama mimi. "We mukubwa."

Naandika ukweli: niliogopa. Kutafuta pahali pa kitu ningeweza. Kuwa tata wa mjomba wangu, sikujiona.

Dada alikuwa anakuna mguu wa kiti.

Mama akanyanyuka, akauchukua mukaba, akaufunga juu ya kitenge chake. Ulimzunguka ukabaki mrefu.

"Nani alilinda hii malle?" akauliza. "Nani alilipa matanga ya bandugu yetu yote? Mukigombana mulikuwa munakuja kulilia wapi? Mi njo nilipyana tata. Nilikuwa nangojea mupaka muone."

Mjomba akamtazama. Mama ndiye yaya wake, aliyembeba mgongoni akiwa mtoto. Akainuka taratibu na mgongo wake, akampigia makofi ya heshima.

"Jambo, tata."

"Jambo, Kasongo. Toka ku hii kiti, ni ya tata."

Hapo tulicheka wote, mama peke yake hakucheka. Akakaa. Akatoa amri: medali na gamelle viende kwa masista. "Medali ni bazungu balimupatia. Mukaba njo alifunga ye mwenyewe." Kapoti tukalizika kando ya kaburi la nkambo. Ilunga akamwandikia yule mnunuzi kwamba mwenye vitu amepatikana.

Nyumba ilivunjwa. Mama yuko kwa dada, na mukaba umetundikwa juu ya mto wake.

Nilichojifunza: ukipewa vitu vya marehemu, uliza kwanza nani, ndipo uulize wapi. Kuhusu medali bado nina shaka, sijui kama chumba cha masista ni sawa. Labda ndiyo, labda sivyo.

Waliopitia haya waseme. Kwenu mwanamke anaweza kupyana? Kuna mzee mmoja wa ukoo anasema tulikosea, na sitaki kumdharau, huenda anajua kitu.

Ila wiki hii mjomba Kasongo alipiga simu kuomba ruhusa ya kupokea mahari ya binti yake. Mama akamwambia angoje, anataka kwanza kumwona huyo kijana.

Mjomba anangoja.