Wembe Chini ya Mto wa Kiti

Jambo hili ni la aibu na lilinipata mimi, wala sitamsukumia mtu mwingine, maana pale sebuleni mwenye mdomo nilikuwa mimi peke yangu.

Mume wangu, Baba Elia, hanyoi kwa hivi viwembe vya plastiki vya kutupa. Ana wembe wake wa kukunja, wa tangu ujana, na anayeutunza ni mimi (yeye kazi yake ni kutoa kidevu). Huku Shume ukungu unaingia hadi kabatini, chuma ukikiacha na unyevu siku mbili kinaota kutu, kwa hiyo akimaliza kunyoa naufuta mpaka ukauke, naupaka tone la mafuta ya nazi, nauviringisha kwenye kitambaa laini. Kabla hajanyoa tena naupitisha kwenye mkanda wa ngozi niliougongomea karibu na dirisha la sebuleni, mgongo wa wembe unatangulia na makali yanafuata, ukifika mwisho unaugeuza kwa mgongo, unarudi. Ukikosea ukatanguliza makali, umekata mkanda na wembe umeuharibu. Mimi shule niliishia darasa la pili, lakini kwa hilo hanifundishi mtu.

Sasa siku hiyo tulikuwa tunaletewa posa ya Neema, mjukuu wangu niliyemlea tangu ananyonya. Kwao mchumba ni Soni, watu wa kanisani, watu wazuri, na Neema mwenyewe alikuwa ameshanieleza kwamba akimkosa huyo kijana hataki mwingine. Tangu alfajiri sikukaa. Nafagia palipofagiwa, nachungulia barabara, nafunua sufuria, nafunika. Mama yangu alinifunza kwamba posa haipokelewi kukiwa na kitu chenye makali mbele za watu, kinakata maneno, basi hata visu vya jikoni nilivifunika kwa ungo.

Baba Elia akaanza kunyoa uani. Amemaliza shavu moja akanipa wembe, akasema unavuta nywele, nikaupitishe tena kwenye ngozi. Alisema kweli, asubuhi niliupitisha haraka haraka huku akili iko barabarani. Nikaingia sebuleni, napitisha mara tatu nachungulia dirishani, napitisha mara nne nachungulia. Walisema watafika saa sita, na wageni wa kwetu wakisema saa sita wewe jua saa nane. Hawa walifika saa tano. Nikawaona wako mlangoni kabisa, nami nimesimama na wembe wazi mkononi kama mtu wa machinjioni.

Ningeufunga tu nikautia mfukoni, yakaisha. Kwa haraka ile nikaogopa kujikata kidole, nikausukuma vile vile ulivyo wazi chini ya mto wa kiti kikubwa, nikafungua mlango nikiwa nacheka.

Wakaingia watu wanne. Mshenga wao, Mzee Hoza, mtu mnene mwenye heshima zake, alinisalimia vizuri akaenda moja kwa moja kwenye kiti kile kile. Nilimwonyesha kingine, akasema hapa panatosha mama, akageuza mgongo, akaanza kuinama.

Nikasema, "Mzee, hicho kina kunguni."

Sijui lilitoka wapi neno lile. Nyumbani kwangu hajapita kunguni tangu niolewe. Mzee alinyanyuka kama kijana. Shangazi wa mchumba, mwanamke mrefu wa kujipenda, akauokota mkoba wake chini, akaukagua, akaushika kifuani. Kisha, kwa wema wake, akawaambia vijana wake wawili wakitoe kile kiti nje kikapigwe jua. Wameshakishika. Nikaona mto utaanguka na wembe utaonekana, nikakimbia nikakikalia mimi, tena ukingoni, tako moja.

Shangazi akaniangalia. "Mama, si umesema kina kunguni?"

"Mimi wameshanizoea," nikasema.

Mzee Hoza akaanza maneno yake akiwa amesimama, kwamba wameona ua katika bustani yetu, na mimi nasogea huku, nasogea kule, nahofia yale makali, na kila nikisogea shangazi anajikuna mkono. Ndipo Baba Elia akatokea mlango wa uani, shavu moja safi, la pili sabuni imekauka kama chokaa.

"Mama Elia, wembe umeuweka wapi?"

Ua likaishia bustanini. Nikainuka, nikauvuta wembe chini ya mto, watu wote wakiuona unavyong'aa (ulikuwa umenoleka vizuri, hilo niseme). Mzee Hoza akasema taratibu kwamba wao walikuja kuomba mke, hawakujua kiti chao kimetegwa. Wakatoka nje kushauriana.

Jikoni Neema alikuwa ameshasikia yote. Hakulia kwa sauti, machozi tu. Akaniambia, "Bibi, ungesema tu kuna wembe."

Maneno yale yalinikata kuliko chuma. Nilitoka nje nikawafuata penye ua wa michongoma, nikasema mbele yao wote kwamba kunguni hakuna, niliona aibu ya wembe nikajivika aibu kubwa zaidi, na mtoto hana kosa, kosa ni langu mimi mwenye kiburi. Mzee Hoza akauliza kama mkeka ninao. Nikatandika mkeka. Posa ikapokelewa pale chini, Baba Elia na shavu lake moja, na shangazi amesimama mpaka mwisho.

Siku hizi wembe naupitisha kwenye ngozi jioni ya kuamkia siku ya shughuli, na ukinikuta nao mkononi nakwambia waziwazi, subiri, nina wembe. Neema ameolewa Soni na ana raha zake. Nikienda kumtembelea wakwe wananipokea kwa heshima zote, chai, maziwa, ndizi. Ila shangazi akinisikia mlangoni huwahi kunitolea kigoda cha mbao, akakiweka mbali na viti vyake vya mito, nami nakaa, nashukuru.