Mawese Yaliyoungua Siku ya Uhuru

Mama mkubwa Mwanahamisi alikuwa mtu aliyechoka. Naanza na hilo kwa makusudi, kwa sababu waliomjua juu juu pale Rumonge, mji wetu wa ziwani kwa Warundi, wanamkumbuka kama mwanamke wa vicheko, wa kucheza mpaka kilemba kimdondoke, na wanadhani mtu wa namna hiyo mwili wake ulikuwa mwepesi. Haukuwa. Aliamka kabla ya adhana ya alfajiri akiwa amechoka na alilala akiwa amechoka zaidi. Mgongo ulimuuma kila alipoinama kwenye mafiga. Mimi ndiye niliyekuwa nikimkanda, kwa hiyo najua ninachosema.

Kazi yake ilikuwa kukamua mawese, na kazi hiyo asikusimulie mtu. Unachemsha ngazi, yale matunda mekundu ya mchikichi, unayatwanga kwenye kinu kikubwa mpaka nyama iachane na kokwa, unakamua, unaengua mafuta yanayoelea, halafu unayapika tena mpaka maji yote yakauke. Moshi unaingia machoni, mafuta yanakaa kwenye kucha, na nguo haitakati tena hata ukishinda ziwani unaifua. Tulitwanga watatu: yeye, jirani yetu Cibalonza aliyekuja na mumewe kutoka Kivu, na mimi tangu mikono yangu ilipoweza kushika mchi. Mama yangu mzazi alifariki siku aliyonizaa. Mama mkubwa ni dada yake. Hakuwa amejaliwa mtoto, akanichukua.

Sasa huyu mama mkubwa alikuwa na sheria moja, nayo ilinikera utoto wangu wote. Kinu hakimaliziki bila kucheza. Tukishatwanga, kabla ya kukamua, wakati ambapo mtu mwenye akili anatafuta mahali pa kukaa, yeye aligeuza mchi akagonga ukingo wa kinu, ko, ko, kokoko, ile ngoma ya harusi. Cibalonza akapokea, na hao wakaanza kukizunguka kinu wakitingisha mabega. Cibalonza alikuwa Mkristo wa kwaya, lakini mabega yake hayakuuliza dini. Mimi nilisimama pembeni nimenuna.

"Kadidja, cheza kidogo," ananiambia.

"Nimechoka, mama mukubwa."

"Na miye nimechoka. Nitachoka tu, basi nichoke nikicheka. Njoo."

Sikwenda. Nilikuwa na sababu yangu, na ilianza siku ya Uhuru.

Mwaka ule wa sitini na mbili nilikuwa na miaka tisa. Kwa wiki tatu tulikuwa tumekusanya ngazi kwa ajili ya jambo moja tu: mawese ya mpiko ule ndiyo yangeninunulia iniforme na viatu, nianze shule Septemba. Nilikuwa nimeshapimwa na fundi. Nilikuwa nimeshawatangazia watoto wote wa mtaa. Tarehe moja Julai chungu kilikuwa motoni, mafuta yanatokota, na huko barabarani ngoma zikaanza kupita. Wanawake wa mtaa wetu walikuwa wamejifunga kanga za sare. Mama mkubwa akaniambia anachungulia tu.

Kuchungulia kwake kulianza adhuhuri kukafika karibu na alasiri. Sitasema uongo, nami nilimfuata. Mume wake, baba mkubwa Amuri, alinibeba mabegani nikaiona bendera mpya, nikapiga vigelegele kama mtu mzima. Baba mkubwa ndiye aliyenusa moshi. Aligeuka, akaona weusi unapanda juu ya uwa wetu, akapaza sauti kuwapita watu wote waliokuwa pale:

"Weye Mwanahamisi! Mawese inaungua!"

Naye, mikono juu, kilemba hakipo, akidhani anataniwa, akajibu bila hata kugeuka: "Iache iungue!"

Ikaungua. Tulipofika nyumbani chungu kilikuwa kimepasuka na mafuta yamekuwa meusi kama lami. Mama mkubwa alikaa chini akakiangalia kile chungu, kisha akalia, nami nikalia zaidi. Shule nilianza mwaka uliofuata, mrefu kuliko wote darasani, wakanibandika jina la Mama Mwalimu. Jina hilo lilinifuata mpaka darasa la tano nilipoacha.

Watu wengine wangeyazika mambo kama hayo. Baba mkubwa Amuri aliyageuza utani. Alikuwa fundi wa karabai, zile taa ambazo wavuvi wa ndagala, dagaa wetu, huwasha ziwani, na benchi lake la kazi lilikuwa uani kwetu, hatua chache tu kutoka kwenye kinu. Kila mara wanawake walipofika penyewe kwenye kucheza, michi ilinyamaza kidogo, naye bila kuinua macho kwenye taa yake anapiga kelele: "Weye Mwanahamisi, mawese inaungua!" Mama mkubwa anajibu: "Iache iungue!" Hapo michi inarudi kwa kishindo na wote wanacheka. Kila kinu, kila siku ya kazi, miaka kumi. Wakati mwingine hapakuwa hata na chungu motoni.

Niliuchukia utani ule. Niliona wanaicheka iniforme yangu.

Halafu ukaja mwaka wa sabini na mbili, ambao Warundi wanauita ikiza, yaani janga, na sina nguvu za kuueleza wote. Mwisho wa Aprili damu ilianza kumwagika huku kwetu kwenye mwambao, kisha kukaja gari na watu wenye karatasi ya majina. Mwezi wa Mei siku ya Jumanne baba mkubwa aliitwa. Walisema ni maswali mawili matatu tu. Alifuta mikono kwa kitambaa, akaweka koleo juu ya benchi, akaniambia nisimruhusu mtu aguse taa ile iliyofunguliwa. Hakurudi.

Taa saba zilibaki zimening'inia kwenye ukuta wa uani. Uvuvi ulikuwa umesimama. Hakuja mtu kudai taa yake, kwa sababu wenyewe wengi walikuwa hawapo pia. Mama mkubwa alizifuta vumbi kila Ijumaa.

Aliendelea kutwanga, maana tulihitaji kula. Lakini ukipita nje ya uwa ulisikia mchi mmoja tu, tu, tu, tu, hauharakishi wala haupumziki. Cibalonza alikuja kusaidia, wakawa wanatwanga bila kuongea. Kinu kilimalizika, na kilipomalizika wakakamua. Ile sheria yake iliisha hivyo, hakuna aliyeitaja. Nami niliyekuwa naiombea iishe nilijikuta nikiisubiri kila walipofika mahali pa kucheza wakapita moja kwa moja.

Alimasi, seremala wa mitumbwi kutoka Kabonga, alikuwa ameniposa kabla ya hayo yote. Ndugu zake walikuwa wameshavuka mpaka kuingia Tanzania. Naye alitaka kuvuka, lakini hakutaka kuniacha, basi ndoa ikapangwa Ijumaa moja ya Septemba, asubuhi. Ngoma zilikuwa zimekatazwa, mikusanyiko pia. Na hata zisingekatazwa, nani angepiga ngoma kwenye nyumba ile? Baba mkubwa hakuna aliyetuambia amekufa, kwa hiyo matanga hatukuweka. Hakuna aliyetuambia yu hai, kwa hiyo furaha nayo haikuwa na pa kukaa.

Nikamwambia, "Ndoa tu, mama mukubwa. Mwalimu wa madrasa asome, watu wale, twende zetu. Ngoma siitaki."

Nilisema hivyo kumwonea huruma, na nilikuwa nadanganya. Mama mkubwa alikuwa amechezea maharusi wote wa mtaa wetu, wenye adabu na wasio na adabu. Nilitaka anichezee na mimi. Nilitaka sana, mpaka nikaona aibu.

"Sawa," akasema. Katika maisha yangu sikuwahi kumsikia akikubali jambo haraka hivyo, na neno lile liliniumiza kuliko kama angenigombeza.

Ijumaa ikafika. Chumba cha mbele walikaa wanaume wanne, Alimasi na mwalimu wa madrasa. Mimi nilikuwa chumba cha nyuma, hina mbichi kwenye viganja, naangalia dari. Uani mama mkubwa na Cibalonza walikuwa wanaandaa sombe, mboga ya majani ya muhogo, kwa chakula cha mchana, wametumia kinu cha mawese wakakisugua kwanza. Nilisikia mwalimu anamaliza dua. Nilisikia askari wanapita barabarani wakizungumza. Huko uani ulikuwa mchi wake uleule, tu, tu, tu.

Kisha ikawa michi miwili. Kisha kimya kidogo. Kisha ukingo wa kinu: ko, ko, kokoko.

Nilitoka bila kilemba. Askari walikuwa hawajafika mbali, na mtu aliye nje ya uwa alisikia wanawake wanatwanga mboga, basi. Mama mkubwa alikuwa anazunguka kinu. Mabega yalikuwa yanatingishika, uso umekauka. Hakukuwa na furaha hata chembe pale. Alikuwa anacheza kama anavyoinua chungu cha moto: kizito, kinachoma, na lazima kiinuliwe. Ndipo nikaelewa kwamba miaka yote ile furaha haikuwa imemjia yenyewe. Alikuwa anaitia kwenye kazi kwa mkono wake, kama chumvi, mgongo ukimuuma vilevile.

Wakafika penyewe. Michi ikanyamaza.

Mama mkubwa alisimama na mchi hewani, macho kwenye benchi la taa. Cibalonza aliinamisha kichwa. Nafasi ile ilikuwa ndogo siku zote, ya pumzi moja tu, lakini sasa ilizidi kurefuka, na niliuona mkono wake unaanza kushuka. Nilijua ukishuka hautapanda tena. Nami kesho sipo, na yeye atabaki na mchi mmoja na taa saba.

Mtoto haliiti jina la mama yake. Sikuwahi kuliita kabla, wala sikuliita tena.

"Weye Mwanahamisi!" Sauti ilinipasuka. "Mawese inaungua!"

Akageuka polepole, akaniangalia kama mtu anayenitambua kwa mbali. Kicheko kilianza vibaya, kama kikohozi, kikamkwama, kikatoka, na machozi yakatoka pamoja nacho. Cibalonza alishaanza kulia kabla yetu sote.

"Iache iungue, mutoto wangu," akasema. "Iache iungue."

Akaninyooshea mchi. Nikaushika na hina yangu mbichi, nikacheza, kwa mara ya kwanza tangu siku ya Uhuru, na nilicheza vibaya sana maana sikuwahi kujifunza. Alinicheka kwa hilo pia.

Sombe ilitwangwa kupita kiasi ikawa uji. Alimasi aliila akamshukuru Mungu, ndipo nilipojua nimepata mume mwenye subira. Kesho yake tulishuka mpaka Kabonga, tukavuka. Mama mkubwa alikataa kwenda nasi. Alisema Amuri akirudi akute mtu wa kumpigia kelele. Alibaki na kinu na taa zake, na alama nyekundu ya kiganja changu kwenye mchi, ambayo, kwa habari alizoniletea Cibalonza baadaye, mama mkubwa alikataa kuisugua.