Mishale Iliyolala

Mhandisi wa ofisi ya ujenzi pale Chake Chake hagusi ukuta. Hugusa kioo cha kompyuta, tena kwa ukucha wa kidole kidogo, kisha hukipangusa kwa leso na kusema puani, "Kompyuta haisemi uongo." Mwanakhamis, mchoraji wake wa ramani, ameshamzoea. Asubuhi hiyo kompyuta ilionyesha ukuta wa zahanati inayojengwa Ole unayumba kama pazia, naye mhandisi akampigia simu fundi, Mzee Jecha, aubomoe. Mwanakhamis akainama kutazama. Ukuta wa matofali hustahimili zaidi uzito utokao juu kuliko msukumo wa ubavuni, ndiyo maana programu hutaka kila upande upewe ugumu wake. Mhandisi alikuwa amezipindua pande: mishale ya kuonyesha juu ni wapi ilielekea ubavuni.

"Mishale ya pande imelala, Bwana Mhandisi."

Mwanakhamis akaisimamisha, na ukuta ukatulia kiooni. Mhandisi akakohoa, akapiga simu tena. "Mzee Jecha, usibomoe. Ukuta wako nimeshaurekebisha."

"Ahsante, mhandisi," mzee akajibu kwa adabu. "Basi njoo uurekebishe na huku, maana sisi tumeshaubomoa hadi madirishani."